Dai la paa lililoezuliwa na dhoruba limekataliwa: jinsi ya kulijibu hatua kwa hatua

Ukipokea barua ya bima inayosema dai lako la paa limekataliwa, usikimbilie simu. Mtu akipiga simu na hasira kifuani husema mengi, na katika hayo mengi huponyokwa na neno ambalo kesho litakuwa kwenye faili: "Ni kweli lilikuwa linavuja kidogo, lakini si hivi." Isome barua, iweke, uisome tena kesho yake.

Nilifanya kazi ya kukadiria hasara kwa niaba ya kampuni za bima, na sasa nawasaidia wenye nyumba kujibu barua za aina hii. Wengi wana haki yao kabisa, ila wanajibu jambo ambalo hawakuulizwa. Barua inasema paa limechakaa. Mwenye nyumba anajibu kwamba hajawahi kukosa kulipa ada. Ada haina ubishi hapo. Ubishi uko kwenye chanzo: ni nini hasa kilichoezua paa? Kila karatasi utakayokusanya iwe inajibu swali hilo.

Hatua ya 1: Ijue sababu waliyoitoa

Pigia mstari kila sentensi inayotaja sababu. Mara nyingi utakuta moja au mbili kati ya hizi: paa lilikuwa limechakaa au halikutunzwa, upepo wa siku ile haukufikia kiwango cha dhoruba, maji ya mvua yaliingia bila upepo kutoboa paa kwanza, taarifa ilichelewa, nyumba ilikuwa haikaliwi. Kila moja ina jibu lake, na jibu la moja halifai kwa nyingine.

Kama barua haitaji kifungu, andika barua fupi ukiomba vitu vitatu: namba ya kifungu walichokitumia, nakala ya ripoti ya mkadiria hasara pamoja na picha zake, na nakala kamili ya hati yako ya bima na nyongeza zake zote. Wapo watakaokataa kutoa ripoti. Omba hivyo hivyo kwa maandishi, maana ombi lisilojibiwa nalo ni ushahidi mbele ya msuluhishi wa migogoro ya bima, tutakayemfikia Hatua ya 6.

Hatua ya 2: Soma hati yenyewe

Anza na ukurasa wa tafsiri za maneno. Je, neno "dhoruba" limeelezwa? Chama cha kampuni za bima cha Uingereza, ABI, kina maelezo yanayotumiwa sana huko: upepo wenye vishindo (misukumo ya ghafla) vya walau noti 48, karibu kilomita 89 kwa saa, au mvua ya walau milimita 25 kwa saa, au mvua ya mawe yenye nguvu ya kuharibu vitu vigumu au kuvunja vioo. Hati yako inaweza kuwa na kipimo kingine, au isiwe nacho kabisa. Kama hakimo, kampuni isije ikakubandikia kipimo baada ya hasara kutokea. Mahakama za nchi nyingi hufuata kanuni kwamba maneno yenye utata kwenye mkataba husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na hati hii waliiandika wao.

Kisha nenda kwenye orodha ya mambo yasiyolipwa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida ni juu yako kuonyesha kwamba hasara inaingia ndani ya kinga, yaani dhoruba ilikuwepo na paa limeharibika. Kampuni ikisema kuna kifungu kinachoondoa malipo, kama uchakavu, mzigo wa kulithibitisha hilo ni wao. Sentensi moja kwamba "paa ni la muda mrefu" haithibitishi kitu. Umri wa paa si chanzo cha hasara.

Lakini nawe uwe mkweli na nafsi yako. Mwaka 1918 Mabwana wa Bunge la Uingereza, wakikaa kama mahakama ya juu, waliamua kesi ya meli Ikaria. Ilipigwa torpido, ikafikishwa bandari ya Le Havre, upepo mkali ukawa unaigonga kwenye gati, ikahamishwa, na mwishowe ikazama. Bima yake ililipa hatari za bahari, haikulipa za vita. Wenye meli wakasema ni bahari iliyoimaliza. Wakashindwa: chanzo kilikuwa torpido, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kuleta hasara yote, ingawa haikuwa ya mwisho kutokea. Kanuni hiyo inakata pande zote mbili. Paa lililo imara, hata la miaka mingi, likiezuliwa na upepo mkali, chanzo ni upepo. Kenchi zilizokwisha kuliwa na mchwa zikianguka kwa upepo wa kila siku, kampuni ina hoja, na ni heri ulijue hilo kabla hujatumia fedha kubishana.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi wa paa

Hapa ndipo madai mengi yanapookolewa au kupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Una wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke, basi funika kwa turubai mapema, ila piga picha kwanza. Usipande mwenyewe juu ya paa lililolegea. Fundi wa kupaua apande, wewe umwelekeze. Tunza risiti za turubai na vibarua. Na usitupe bati wala kigae kilichong'oka. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu vipande viliuzwa chuma chakavu wiki ileile.

Anza na mahali uharibifu ulipo. Upepo ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na unanyonya kwa nguvu zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na kando ya kofia, yaani kifuniko cha kilele cha paa. Nguvu yake hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara 4. Ndiyo maana dhoruba huanza kung'oa pembeni, mara nyingi upande mmoja wa nyumba. Uchakavu hauchagui hivyo. Kutu na nyufa hutapakaa paa zima. Chora ramani ndogo ya paa, uonyeshe sehemu iliyong'oka na upande upepo ulikotokea.

Halafu sogea karibu. Kwenye bati, angalia matundu ya misumari. Tundu lililochanwa na upepo hurefuka upande mmoja, kingo zake zimekunjika, na metali ndani yake inang'aa. Tundu la uchakavu limetanuka taratibu na limezungukwa na kutu. Piga picha kwa karibu ukiweka rula pembeni. Kwenye kigae cha udongo au saruji, mpasuko mpya una rangi safi ndani. Wa zamani umeshika vumbi na kuvu. Vigae vya lami vilivyoinuliwa na upepo huacha mstari wa kukunjika, na chembe zake zimepukutika kwenye mstari huo. Kwa mvua ya mawe, tafuta mabonyeo kwenye metali laini: mifereji ya maji ya paa, vifuniko vya mabomba ya hewa.

Ingia ndani pia. Doa la maji darini lenye pete moja huashiria maji yaliyoingia mara moja. Pete nyingi zilizopishana huashiria uvujaji wa muda mrefu, na mkadiria hasara atazihesabu. Mbao iliyovunjika kwa nguvu ina nyuzi nyeupe zilizochanika. Iliyooza ni nyeusi na laini, unaibonyeza kwa kidole.

Baada ya paa, hali ya hewa. Omba takwimu za siku ile kutoka idara ya hali ya hewa, na uombe kasi ya vishindo, siyo wastani peke yake. Wastani wa upepo kwa kawaida hupimwa kwa dakika 10. Kishindo ni cha sekunde chache, na ndicho kinachong'oa bati. Barua nyingi za kukataa hutaja wastani na kunyamazia vishindo. Pima pia umbali wa kituo kutoka kwako, kwa sababu dhoruba ya radi inaweza kuangukia eneo dogo tu. Hapo picha za majirani zilizopigwa siku ileile, miti iliyong'oka na nguzo zilizolala huziba pengo.

Mwisho, tafuta paa lilivyokuwa kabla: risiti za rangi na matengenezo, picha za sherehe ambamo paa linaonekana nyuma, picha za zamani za setilaiti. Kama kampuni ilikagua nyumba kabla ya kukukatia bima, omba ripoti hiyo. Hiyo ni dhahabu.

Fundi wako naye aandike ripoti. "Paa limeharibika vibaya" haisaidii. Mwombe ajibu maswali mawili kati ya matatu ambayo huduma ya usuluhishi wa fedha ya Uingereza huyatumia kwenye migogoro ya dhoruba: je, uharibifu huu ni wa aina inayosababishwa na dhoruba? Je, dhoruba ndiyo chanzo kikuu? Swali la kwanza kabisa, kama dhoruba ilikuwepo siku ile, limeshajibiwa na takwimu zako.

Hatua ya 4: Andika barua ya kupinga

Fuata mpangilio wa barua yao. Nukuu sentensi yao, kisha jibu lako, kisha kiambatisho. Mfano:

*"Barua yenu inasema paa liliharibika kwa uchakavu wa muda mrefu. Mabati yaliyong'oka ni yale ya pembe ya mashariki na ukingo wake tu, upande upepo ulikotokea (Kiambatisho 1). Matundu ya misumari yamechanika upya na hayana kutu (Picha 4 hadi 9). Upande wa magharibi, wenye mabati ya umri uleule, haukuguswa. Naomba mnioneshe ushahidi wa uchakavu mnaoutegemea, na kwa nini uchakavu huo haukuathiri upande wa magharibi."*

Hakuna matusi wala kusihi. Malizia kwa kuomba ukaguzi mpya wa mkadiria mwingine na kutaja tarehe unayotarajia jibu. Peleka kwa njia inayoacha alama: barua pepe, au nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa pili

Uwepo, na fundi wako awepo. Mwoneshe mkadiria vile vipande ulivyovitunza. Jioni hiyohiyo watumie kampuni ujumbe mfupi wa mliyoyaona pamoja.

Hatua ya 6: Toka nje ya kampuni

Wakikataa tena, omba jibu lao la mwisho kwa maandishi, kwa sababu milango mingi ya nje haifunguki bila hilo. Tanzania kuna ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima, TIO. Kenya malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya bima, IRA. Marekani kila jimbo lina idara yake ya bima. Uingereza una miezi 6, kuanzia tarehe ya jibu la mwisho, ya kupeleka lalamiko kwa msuluhishi. Hati nyingi zina muda wake wa kufungua kesi pia, tena mfupi kuliko watu wanavyodhani. Uandike kwenye kalenda leo.

Wakikubali kulipa sehemu, soma hati ya malipo kabla ya kusaini. Ikiwa na maneno "malipo kamili na ya mwisho", ukisaini umefunga dai lote, hata kama fedha hazitoshi kununua kofia na misumari. Waambie kwa maandishi kwamba unapokea kiasi kisicho na ubishi na kwamba salio bado unalidai. Wakigoma kubadilisha hati, mpelekee msuluhishi au wakili aione kwanza.