Ukiuliza Posta mtandaoni, anza na namba

Wewe wa Lamu unayesubiri kifurushi kutoka ng'ambo, usiandike tu "mzigo wangu uko wapi?" kwenye ukurasa wa Posta Kenya. Anayejibu hana pa kuanzia. Mpe namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka. Ikianza na R ni rejista, yaani mzigo uliosajiliwa; E ni EMS, huduma ya posta ya haraka; mwisho CN ni Uchina, KE ni hapa kwetu. Taja pia tarehe ya kutumwa na posta unayochukulia pamoja na msimbo wake, 80500 Lamu. Malindi ni 80200, usizichanganye.

Namba hiyo ipeleke inboksi, si kwenye maoni. Maoni husomwa na kila mtu, matapeli wakiwamo, na ndio hao hufungua kurasa bandia zenye nembo ileile, wakakudai "ushuru kidogo tu" kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Usilipe. Picha ya kitambulisho nayo usimtumie mtu. Kitambulisho utakionyesha dirishani siku ya kuchukua mzigo. Ukijibiwa, piga skrinshoti uende nayo kaunta.