Jinsi ya Kuutafuta Mzunguko wa Siku 35 wa Hercules X-1

Mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kuchunguza nyota ya nyutroni (kiini kidogo kizito kinachobaki nyota kubwa inapolipuka) hahitaji darubini, na mawingu ya Julai hayamzuii, kwa kuwa nyota hiyo huchunguzwa kwa eksirei zake, na eksirei za angani hazipenyi angahewa kufika ardhini. Anahitaji tarakilishi, intaneti na vipimo vinavyotolewa bila malipo kutoka BAT, chombo cha kupima eksirei kwenye setilaiti ya Swift, vilivyokusanywa tangu mwaka 2005. Napendekeza aanze na Hercules X-1, ambayo mapigo yake yaligunduliwa na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu.

Nyota hii hupiga kila sekunde 1.24, huzungukana na nyota mwenzake kwa siku 1.7, na mng'ao wake hupanda na kufifia kwa takriban siku 35. Badiliko hilo la tatu huelezwa kwa diski ya gesi iliyopinda, ambayo huyumba polepole kama pia ya kuchezea na kuiziba nyota kwa zamu.

Pakua faili ya wastani wa kila siku, kisha uondoe vipimo ambavyo kiasi cha kosa ni kikubwa kupita kawaida. Vipimo hasi viache. Nyota inapofifia, kelele za chombo huweza kukishusha kipimo chini ya sifuri, na anayevifuta huupandisha wastani wa siku za giza pasipo haki.

Kwa kuwa vipimo vina mapengo, tumia periodogramu ya Lomb na Scargle, yaani hesabu inayojaribu vipindi vingi na kuonyesha kwa kilele kile kinachojirudia kwenye data, ambayo haidai nafasi sawa kati ya kipimo na kipimo, na utafute kati ya siku 10 na 100. Kwa data za miaka 10, upana wa kilele cha siku 35 utakuwa takriban theluthi moja ya siku. Ukishuka hadi vipindi vifupi, tahadhari: kwa kipimo kimoja kwa siku, mzunguko wa siku 1.7 hujitokeza kwa sura ya uongo karibu na siku 2.43.

Hapa ndipo wengi husimama mapema. Kilele kirefu hakithibitishi kwamba nyota ina saa thabiti, kwa hiyo rudi kwenye mchoro wa mng'ao na uandike tarehe ya kila mwako mkuu (kipindi cha mng'ao mkali zaidi katika mzunguko) unapoanza. Gawanya muda kati ya mwako na mwako kwa 1.7: mara nyingi utapata karibu 20, 20.5 au 21, yaani siku 34.0, 34.85 au 35.7. Kwa sababu hiyo, unapokunja data, yaani kuilaza mizunguko yote mmoja juu ya mwingine, ili upate umbo la wastani, anza kila mzunguko kwenye tarehe uliyoiandika, wala usitumie kipindi kimoja kwa miaka yote, la sivyo mwako mkuu wa siku kama 10 na ule mdogo unaoufuata vitafifia na kuchanganyika.

Ukimaliza, jaribu SMC X-1, nyota nyingine ya nyutroni, ambayo mzunguko wake mrefu hutangatanga kati ya siku 40 na 60.