Mwembamba lakini kolestro iko juu? Ulizia ukoo kwanza

Jamani kitu kimoja tu, kama kwenu kuna mtu alipata mshtuko wa moyo mapema, yaani baba au kaka kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 60, usisubiri kitambi ndo ukapime kolestro. Kuna watu wembamba kabisa, chipsi hawagusi, nyama mpaka sikukuu, ila LDL yao, ile kolestro mbaya, iko juu toka wanazaliwa kwa sababu ini halina uwezo wa kuiondoa vizuri kwenye damu, na hiyo wamerithi. Mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, kwa hiyo ukikutwa nayo wapeleke na wanao na ndugu zako wa tumbo moja.

Maabara omba kipimo kamili cha mafuta ya damu, sio kolestro ya jumla peke yake, halafu karatasi ukishapewa tafuta mstari wa LDL. Mtu mzima akiwa na 4.9 mmol/L kwenda juu, au 190 kama wameandika kwa mg/dL, mwulize daktari wazi kabisa kama ni ya kurithi. Jipapase pia ile kano nene nyuma ya mguu juu ya kisigino, ikiwa imenenepa au ina vinundu vigumu mwonyeshe, wengi wanasingizia viatu.

Na ndimu na kitunguu swaumu cha asubuhi hapa haviwezi, zinazoshusha ni dawa za statini, na kama una mimba au unapanga sema kabla hujaandikiwa.