Kutoa kazi kwenye foleni ya Postgres bila kuipoteza wala kuifanya mara mbili

Foleni nyingi za kazi ninazokutana nazo sio Kafka wala RabbitMQ, zile programu maalumu za foleni, ni jedwali tu ndani ya databesi ya PostgreSQL, mteja akilipa mstari unaingia, halafu woka (programu za kufanya kazi hizo) watano sita kwenye seva tofauti wanaokota mistari na kutuma SMS za risiti. Hakuna ubaya hapo kabisa. Kuingiza mtu yeyote anaweza, shida iko kwenye kutoa, maana ukifuta kazi kabla hujaifanya na woka akafa hapo hapo basi kazi imepotea kimya kimya, na ukifanya kwanza ndo ufute basi katikati woka mwingine ameshaidaka ile ile na mteja anapata risiti mbili. Nilishamsikia mama mmoja kwenye simu ya huduma kwa wateja akilia, anadhani amekatwa hela mara mbili, kumbe ni SMS tu. Sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo kufuta na kufanya viwekwe ndani ya transaksheni moja, yaani kundi la amri ambazo zinakubaliwa zote kwa COMMIT au zinatenguliwa zote kwa ROLLBACK. Toka toleo la 9.5, lililotoka Januari 2016, Postgres ina SKIP LOCKED, yaani woka akikuta mstari umeshikwa na mwenzake hasubiri, anaruka anachukua unaofuata:

BEGIN;
DELETE FROM foleni WHERE id = (
  SELECT id FROM foleni ORDER BY id
  LIMIT 1 FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING *;
-- fanya kazi hapa
COMMIT;

Woka akifa kabla ya COMMIT, mstari unarudi kama haujaguswa. Angalia nimeweka alama ya = na sio IN, sio mapambo hayo, ukitumia IN databesi inaweza kuamua kurudia ile SELECT ya ndani zaidi ya mara moja na ukajikuta umefuta mistari mingi kuliko LIMIT uliyoweka. Ukitaka kuchukua kumi kwa mpigo andika = ANY(ARRAY(SELECT ...)).

Sasa kuna mtego wengi hawauoni. Ukihesabu majaribio ndani ya transaksheni hiyo hiyo, kazi ikifeli ukafanya ROLLBACK na hesabu nayo inarudi sifuri, kwa hiyo kazi mbovu inazunguka milele na kwa sababu ina id ndogo inakaa mbele ya wote. Weka SAVEPOINT (alama ya kurudia katikati ya transaksheni bila kutengua yaliyo kabla yake) baada ya DELETE, ikifeli rudi kwenye savepoint, irudishe kwenye foleni ikiwa na majaribio + 1 na muda wa kujaribu tena (ile SELECT nayo iongeze sharti la muda), halafu COMMIT. Ikifika jaribio la tano ipeleke kwenye jedwali la pembeni, mimi naliita foleni_mbovu, ili binadamu aiangalie. Ila savepoint haisaidii kama kazi yenyewe ndo inaua woka, mfano inamaliza memori, hapo inabidi utumie hatua mbili: transaksheni fupi ya kuandika "nimeichukua saa fulani, jaribio la ngapi", unafanya kazi nje, halafu unafuta. Amazon SQS, huduma ya foleni ya Amazon, inaenda hivyo hivyo, ukipokea meseji haifutwi bali inafichwa, sekunde 30 usipobadilisha, na usipoifuta mwenyewe inaibuka tena.

Jambo ninaloomba ulishike sana: ROLLBACK hairudishi SMS iliyokwishatoka. Wala hela. Kama unayempigia (yaani mfumo wa nje, mfano wa SMS au wa malipo) anapokea namba ya kipekee ya ombi mpe id ya kazi, akiiona tena ajue ni ile ile. Asipopokea, kwa SMS mimi nakubali bora iende mara mbili kuliko isiende, ila kwa kutuma hela hapana, andika kwanza kwamba umeanza, hiyo na COMMIT yake, na ukipata mashaka uliza hali ya muamala kwanza kabla ya kurudia.

Usiache transaksheni wazi ukisubiri mtandao bila kikomo, maana vacuum, usafi wa Postgres, inashindwa kufagia mistari iliyokwishafutwa na foleni inazidi kuwa nzito hata kama ina kazi tatu tu. Weka kikomo cha sekunde 10 kwa ombi la nje, halafu idle_in_transaction_session_timeout (muda ambao Postgres inavumilia transaksheni iliyokaa wazi bila kufanya kitu) iwe kubwa kidogo kuliko hapo, sio ndogo, la sivyo utaua woka wazima. Na seva ya woka ikizimika ghafla bila kuaga, kufuli la mstari alioushika linaweza kubaki zaidi ya saa mbili, maana Linux kwa kawaida inangoja sekunde 7200 ndo ianze kupima kama upande wa pili upo, kwa hiyo punguza muda huo kwenye mpangilio wa Postgres uitwao tcp_keepalives_idle.

Ukitaka kutoa mzigo mkubwa kwa mkono, mfano kazi elfu hamsini za jana zisizo na maana tena, TRUNCATE (amri ya kumwaga jedwali lote kwa mpigo) iache, inataka kufuli la jedwali zima, na wakati inalisubiri kila anayekuja anapanga nyuma yake na mfumo unasimama. Hamisha elfu moja moja, rudia mpaka irudishe sifuri:

WITH t AS (
  DELETE FROM foleni WHERE id = ANY(ARRAY(
    SELECT id FROM foleni WHERE iliingia < current_date
    LIMIT 1000 FOR UPDATE SKIP LOCKED))
  RETURNING *)
INSERT INTO foleni_mbovu SELECT * FROM t;

Hii inataka majedwali mawili yenye safuwima zile zile kwa mpangilio ule ule. Na zile zilizoshikwa na woka wakati huo ziache zimalizwe zenyewe.