Jinsi ya kufundisha disaini kwa vijana wa mekanikali (uhandisi mitambo) mwaka wa mwisho

Ukipewa kozi ya disaini ya mwaka wa nne usianze kwa kuwaambia "haya kabuni mashine ya kupukuchua mahindi", maana ukisema hivyo umeshawafanyia kazi ngumu kuliko zote, ya kuitambua shida, kilichobaki ni kuangalia mashine ya Mhindi YouTube, kubadilisha vipimo viwili vitatu na kudesa ripoti ya kaka zao. We wape mtu mwenye shida. Kama chuo kiko Dodoma au Morogoro basi Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, ipo hapo barabarani, wapandishe basi waende sokoni na vijiji vya jirani wakaongee na wakulima.

Waulize nini? Kwa siku wanapukuchua gunia ngapi, sasa hivi wanalipa shilingi ngapi kwa gunia, mashine inasafirishwa na bodaboda au na guta, umeme upo au haupo, punje zikivunjika mnunuzi anakata bei? Wakirudi kila jibu ligeuzwe namba. "Mashine iwe nyepesi" hayo ni maneno tu, "watu wawili waibebe, isizidi kilo 50" hapo sasa unaweza kuipima na kuikataa. Hatua hii usiikimbize hata kama vijana wanalalamika wanataka kuanza kuchora.

Timu, watu wanne au watano. Sita utakuta wawili wanasubiri chai. Wasijichague wenyewe kwa ushkaji, we changanya, anayejua kuchomelea, anayejua SolidWorks (programu ya kuchorea kwenye kompyuta), anayejua kubana hela, na uongozi uzunguke la sivyo yule wa SolidWorks atakaa kwenye laptopu mwaka mzima hajashika hata grinda.

Kwenye mawazo kila mtu aje na michoro yake ya mkono kabla hawajakaa pamoja, maana wakianza na kikao wazo la mwenye sauti kubwa ndo linapita. Halafu wafanye jedwali la Stuart Pugh, yule profesa wa Chuo Kikuu cha Strathclyde kule Scotland: njia inayotumika sasa, tuseme kupiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, inakuwa kipimo cha kulinganishia, kila wazo jipya linapewa jumlisha, toa au sawa kwa kila hitaji. Wasikimbilie kujumlisha alama, utamu uko kwenye ubishi wa kwa nini hapa umeweka toa, na huo ubishi uandikwe kwenye daftari la timu siku hiyohiyo.

Mahesabu sasa. Kijana atakuletea shafti ya milimita 27.3 na desimali zake amejaa furaha. Mtume kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, akaulize beringi ya hiyo saizi lol. Atakuta beringi ya namba UCP 205 ni ya shafti ya milimita 25 na UCP 206 ni 30, basi hapo ndo anaamua, aongeze shafti na uzito upande, au abaki na 25 atafute chuma kigumu zaidi, na aseme kwa nini. Mota nayo vilevile, ya nguzo nne (pole nne za sumaku ndani yake) kwenye umeme wetu wa hezi 50 inazunguka kama 1,440 kwa dakika, puli ya inchi 3 kwenda ya inchi 6 inakupa 720 hivi, sawa, ila kama kijiji hakina umeme na wanaweka injini ya petroli inayokwenda 3,600 hesabu yote inaanza upya. Ndo maana niliwatuma kuuliza habari za umeme.

Bajeti iwe na dari, chuo kitoe hela, bumu, yaani hela ya mkopo ya mwanafunzi, lisiguswe. Michoro ifungwe mwisho wa semista ya kwanza, na katikati ya semista ya pili mashine iwe inazunguka hata kama ni mbaya kama nini, ili uwepo muda wa kuharibika na kutengenezwa. Rangi mwisho kabisa. Mkanda hauna kinga, swichi haiwashwi, hapo hakuna mjadala.

Maksi: mashine iliyogoma lakini timu inaeleza kwa namba imegoma wapi na kwa nini, kwangu inaishinda inayong'aa iliyochongwa yote na fundi wa mtaani. Siku ya presentesheni chagua mwanachama yeyote, nyoosha kidole kwenye bolti yoyote, "hii kwa nini M10 na sio M8?", wategaji utawajua hapohapo. Pia kila mmoja agawe maksi 100 kwa wenzake kwa siri.

Wiki chache kabla ya hiyo siku wairudishe mashine kwa yule mkulima, na mahindi makavu na mengine yenye unyevu, aitumie mwenyewe, vijana wakae pembeni bila kumwelekeza, waandike tu mkono wake unakwenda wapi na gunzi linakwama wapi, halafu wairudishe karakana wakarekebishe.