Jinsi ya kuandika ulichokihisi kwenye Nomadland bila kuishia "muvi nzuri ila inahuzunisha"

Mi nilipoimaliza hii muvi mara ya kwanza nilishika simu niandike, nikaandika mistari minne hivi, uhuru, upweke, mandhari, machozi, afu nikakwama. Kesho yake nikaisoma tena nikaona yale maneno unaweza kuyabandika kwenye muvi yoyote yenye gari na jangwa na yakakaa. Kwa hiyo ninachokuelekeza hapa ni njia niliyokuja kuipata baada ya kufuta, na kama hujaiona bado kaiangalie kwanza maana nitataja mpaka mwisho wake.

Iangalie mara 2. Najua ni muvi ya taratibu, hakuna mtu anakimbizwa, hakuna adui wa kumsubiri, lakini haifiki masaa mawili, utavumilia. Mara ya kwanza angalia tu, usiandike chochote. Katikati hapo ndo usome historia yake kidogo: ilitoka 2020, dairekta ni Chloé Zhao, stelingi ni Frances McDormand anayecheza kama Fern, mjane anayeishi kwenye veni na kuzunguka Marekani akifuata vibarua, na imetokana na kitabu cha mwandishi wa habari Jessica Bruder cha 2017. Oscar za 2021 ilibeba muvi bora, dairekta bora na muigizaji bora wa kike. Tuzo zipe sentensi moja basi, watu wanazijua.

Kitakachokusaidia zaidi ni kujua kwamba wengi wa mle ndani sio waigizaji. Linda May, Swankie, Bob Wells, hao ni watu waliokuwa wanaishi maisha hayo ya magari kweli na wametumia majina yao wenyewe. Mi mara ya kwanza sikujua kabisa. Ile sehemu Linda anamwambia Fern kwamba amefanya kazi tangu ana miaka 12, afu alipoingia mtandaoni kuangalia mafao yake ya uzeeni akakuta dola 550, mwanzoni niliipita kama maneno ya kwenye skripti, mara ya pili nikasimamisha nikakaa kimya kidogo. Ila hapo hapo kuna mtego: Swankie wa kwenye muvi anaumwa kansa na anafariki, Swankie mwenyewe hakuwa anaumwa hivyo. Nimeona watu wanamwandikia rambirambi. Kwa hiyo ukiandika, sema wazi unamzungumzia yupi.

Sasa mara ya pili, chagua kitu kimoja. Sio mada, kitu, kinachoshikika. Mi nilichagua sahani. Fern ana seti ya sahani zenye michoro ya majani ya vuli, baba yake alikuwa anaziokoteza moja moja kwenye minada ya vitu vya mitumba, akampa alipomaliza sekondari. Mwanamke ameuza au kuacha karibu kila kitu, anaishi kwenye veni isiyotosha mtu kunyoosha mikono, halafu humo humo kuna nafasi ya sahani za udongo! Afu anakuja Dave, msafiri mwenzake wa maisha ya magari, mtu mzuri tu, anajifanya kumsaidia kupanga vitu, boksi linamponyoka, zinavunjika. Angalia uso wa Fern pale. Hapigi kelele nyingi, ila anamfukuza Dave kabisa, na baadaye unamuona amekaa peke yake anaunganisha vipande na gundi. Mi ukiniuliza hapo ndo kuna muvi nzima, mana hajakataa nyumba kwa sababu hapendi vitu, anavipenda mno. Wewe unaweza kuchagua kingine, lile koti la marehemu mume wake analolinusa mwanzoni stoo, au boksi la vifaa vya kuvulia samaki la mume huyo huyo ambalo amelifanya sehemu ya kabati la veni. Eleza kionekane, nani alikigusa, kikaharibikaje, ndo useme kilikufanya nini.

Ukishamaliza hicho, fuata kazi na hela. Watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia machweo ya jua. Chora kalenda: msimu wa Krismasi Fern yuko ghala la Amazon, akitoka hapo yuko kwenye kambi ya watalii Badlands, South Dakota, anasafisha vyoo, afu jikoni Wall Drug, duka kubwa la watalii huko huko South Dakota, afu kwenye mavuno ya viazi sukari, na Krismasi ikirudi yuko Amazon tena. Ukiiweka hivyo unaona ni mzunguko, yaani barabara yenyewe inapangwa na vibarua. Kwa maoni yangu muvi imelionea aibu lile ghala, imelipita kimya kimya mno, na kama na wewe umeona hivyo andika tu, kuipenda muvi hakukuzuii kuilaumu.

Sehemu ngumu ni kujiangalia mwenyewe. Kuna majaribu mawili, kumuonea Fern huruma au kumuonea wivu, na yote yanakupa maandishi mepesi. Njia yangu ni kutafuta mahali aliponikera. Kwangu ni kwa akina Dave: wamempokea vizuri, kuna kitanda, kuna mjukuu mchanga, Dave mwenyewe anamuomba abaki, halafu usiku anashindwa kulala kitandani anaenda kulala kwenye gari, na asubuhi anaondoka bila hata kuaga. Nilikasirika jamani. Nikaandika ile hasira kama ilivyo, na nilipojiuliza kwa nini nimekasirika vile ndo nikapata aya yangu bora, ambayo hata haimhusu Fern, inahusu ndugu yangu mmoja ambaye kila tukimwandalia chumba anasema atalala sebuleni.

Mandhari na piano ya Ludovico Einaudi vitaje kidogo, vikizidi inakuwa tangazo la utalii.

Mwishoni Fern anarudi Empire, Nevada, kamji ka kiwanda cha jasi kilichofungwa Januari 31, 2011, na miezi michache baadaye hata namba yake ya posta, 89405, ikafutwa. Anapita kwenye nyumba tupu, anatokea mlango wa nyuma, mbele yake ni jangwa na milima tu. Na wewe malizia kwenye kitu ulichokiona hivyo, usianze kueleza maana ya maisha. Kichwa cha habari kiweke mwisho kabisa. Changu niliandika "Sahani".