Gita la umeme la kuunga mwenyewe: maelezo ya fundi cherehani

Nashona nguo Majengo, hapa Dodoma, na Jumapili napiga solo kwenye kwaya. Gita langu nimeliunga mwenyewe. Kila anayeliona huuliza nimepaka rangi gani, ila hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo) wala freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala juu ya shingo), na hizo ndizo zilizokula siku zangu. Rangi ni nguo tu, na nguo nazijua: hata suti ya kitambaa ghali, ikikatwa vibaya begani, haivaliki.

Boksi la gita la kuunga huja na kiwiliwili cha mbao kisichopakwa kitu, shingo ambayo tayari ina freti, daraja la kushikia nyuzi kwenye kiwiliwili, vigingi sita vya kukazia nyuzi, pikapu mbili (vinasa sauti vya nyuzi), voliumu na toni, swichi, tundu la jeki la kuchomekea waya wa spika na kifuko cha skrubu. Utingo wa basi lililoleta mzigo wangu kutoka Dar aliniuliza mna nini humo. Nikamjibu, pikapu mbili na jeki. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua la muundo wa Telecaster. Aliyeubuni, Leo Fender, alikuwa fundi redio California, na gita hilo lilitoka mwaka 1950. Unaona mkono wa fundi redio kila mahali: shingo inashikwa na skrubu nne, haina gundi, na ukikosea unafumua na kuunga upya. Magita ya shingo ya gundi yasubiri.

Sasa jambo la kwetu. Huku Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, halafu ni ukavu mtupu. Boksi langu lilifika Septemba, nikalifungua jioni hiyohiyo nikaanza kazi. Wiki ya pili nikipitisha kiganja ubavuni mwa shingo, freti zinanikwaruza kama meno ya msumeno. Mbao ilikuwa imekauka na kusinyaa, chuma hakisinyai. Kwa hiyo toa kila kitu kwenye nailoni, weka ndani ya nyumba pasipo na jua, subiri wiki mbili. Ncha za freti zikichomoza, zipige tupa ndogo kwa kuilaza, huku ubavu wa shingo umeuziba kwa selotepu ya karatasi.

Kabla ya msasa, kagua kiwiliwili kwenye mwanga wa dirisha. Langu lilikuwa na kibonyeo kama cha kidole, limegongwa safarini. Hapa pasi ilinisaidia: kitambaa cha pamba kilicholowa juu ya kibonyeo, pasi ya moto sekunde chache, mvuke unaingia, mbao inavimba na kurudi. Nilirudia mara tatu. Hii ni kwa mbao iliyobonyea, siyo iliyokatika. Kisha msasa namba 120, 180, halafu 320, ukifuata mstari wa mbao. Usiguse lile shimo la kukalia shingo. Lilikatwa kwa kipimo. Ukilikwangua, shingo italegea humo kama mguu kwenye kiatu cha kaka mkubwa.

Vanishi nilipaka uani, saa tisa alasiri. Anayeujua upepo wa Dodoma na vumbi lake ameshaelewa kilichotokea: gita lilipata ufuta kama mkate. Nikakwangua lote. Mara ya pili nilipaka ndani, saa kumi na mbili asubuhi, sakafu nimeinyunyizia maji vumbi lilale, kiwiliwili kikining'inia kwa waya uliopita kwenye tundu za skrubu za shingo. Paka nyembamba mara nyingi, ukisubiri kila moja ikauke. Shimo la shingo liachwe bila vanishi.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Gita la muundo huu lina urefu wa uzi wa milimita 648, kutoka nati hadi daraja. Freti ya 12 iko katikati kabisa, milimita 324. Mimi, kwa mazoea, nilivuta futi yangu ya kushonea. Futi ya kushonea huvutika kwa miaka. Yangu ilinidanganya milimita nne, na kama nisingerudia kwa rula ya chuma ningetoboa pabaya. Boksi nyingine huja daraja likiwa limeshatobolewa; pima hata hivyo.

Urefu peke yake hautoshi, nyuzi lazima zipite katikati ya shingo. Hapa tumia uzi mnene wa kushonea jinzi. Funga shingo kwa skrubu zake nne, weka daraja bila kulikaza, vuta nyuzi mbili kutoka kingo mbili za nati hadi vidaraja viwili vya pembeni (vile vipande vidogo vya juu ya daraja vinavyobeba nyuzi). Tazama nafasi kati ya kila uzi na ukingo wa shingo, juu hadi chini. Upande mmoja ukiwa mpana, sogeza daraja au legeza shingo uisukume. Zikilingana, weka alama kwa penseli. Toboa kwa biti nyembamba kuliko skrubu, na uizungushie biti selotepu kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili. Skrubu zipake nta ya mshumaa. Moja yangu ilikatikia ndani kwa sababu ya haraka.

Kulehemu nyaya nilifundishwa na fundi redio wa jirani, mzee mwenye subira ndogo. "Mama, risasi haishiki uchafu," aliniambia mara nne. Maana yake: mgongo wa voliumu ukwangue kwa msasa kwanza, upashe moto kwa chuma cha kulehemu, ndipo uguse risasi kwenye ile sehemu ya moto. Ikikaa kama tone la maji juu ya jani la mgomba, haijashika. Ikitandaa na kung'aa, imeshika. Usikae sana, utaiunguza voliumu ndani. Voliumu za pikapu za koili moja ni kilo-omu 250.

Fuata mchoro wa kwenye boksi, ila kuna waya mmoja ambao watu huusahau: ule mwembamba unaopita chini ya daraja na kwenda mgongoni mwa voliumu. Bila huo gita linavuma kama nyuki na ukigusa nyuzi halinyamazi. Kabla ya kuweka nyuzi, chomeka kwenye spika, gonga pikapu taratibu kwa bisibisi. Kila moja ijibu "to", na swichi ichague sawasawa.

Waya huohuo una upande wake mbaya, na wanakwaya wausome mara mbili. Unaunganisha nyuzi na chasisi ya amplifaya. Kwenye mkutano wa nje, jenereta halina ardhi, umeshika nyuzi na mdomo umegusa maikrofoni: unapigwa shoti ya mdomo. Mimi nimepigwa. Inaweza kuua. Soketi iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi, na gita na maikrofoni vichukue umeme sehemu moja.

Sasa weka nyuzi, seti ya unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi), utyuni. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 17 kwa pamoja, uangalie juu ya freti ya 7. Pabaki nafasi ya karatasi mbili au tatu za kuandikia. Ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa kispana kilichokuja nacho, robo mzunguko, subiri, pima tena. Halafu nati. Bonyeza kila uzi freti ya tatu. Juu ya ya kwanza pabaki upenyo wa unywele. Za boksi huwa juu mno, ndiyo maana vidole vinauma na kodi ya F (nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja) inatoka kali. Chonga mfereji kwa tupa nyembamba, vuta mara mbili, pima, vuta mara mbili. Ukizidisha hurudishi.

Kwenye freti ya 12 nafasi kati ya uzi na freti iwe milimita moja na nusu hadi mbili. Mwisho, gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, sikiliza, kisha bonyeza. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kidaraja nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele. Uzi mnene utaishia nyuma kidogo kuliko mwembamba.

Shingo haitatulia milele kwa hewa yetu. Langu nalipima mvua zinapoanza na zinapokatika, na kile kispana nakitunza kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini.